UVIDA (usugu wa vimelea dhidi ya dawa) vijijini: mnalisakama bure duka la dawa, usugu unapita kwenye maji, maziwa na mbolea ya kuku

#1 Kisima_Kirefu
Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa dawa kugoma kijijini unaishia kwa mshitakiwa mmoja: muuza duka anayekata amoksilini vidonge sita na kumfungia mtu kwenye karatasi. Nadai hiyo ni robo tu ya habari.

Bakteria wanaosumbua zaidi, E. coli na Klebsiella, makazi yao ni utumbo. Vinasaba vya usugu wanavibeba kwenye vipande vya DNA viitwavyo plasmidi, na bakteria humpa mwenzake plasmidi hata kama si wa ukoo mmoja. Plasmidi moja yaweza kubeba usugu wa ampisilini, Septrin na tetrasaiklini kwa mpigo, na juu yake kimeng'enya cha CTX-M-15 kinachovunja seftriaksoni. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuchomwa seftriaksoni maishani anaweza kuwa na bakteria wanaoikataa. Amewapata kwa njia ya kinyesi: lambo linalotumiwa na ng'ombe na watu, maziwa mabichi, mchicha uliomwagiwa mbolea mbichi, mikono.

Utafiti wa kaskazini mwa Tanzania uliotoka mwaka 2020 kwenye Nature Communications uliwakuta E. coli sugu kwa watu, kwa mifugo, kwa wanyamapori na kwenye maji. Nyumbu hana duka la dawa.

Swali: tukifunga maduka yote holela kesho asubuhi, usugu kijijini utashuka?

#2 MbuziKagoma
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Wafamasia waitwe.

#3 DawaBaridi
Nimeitika. #1 umeanza vizuri, mwishoni umeteleza.

Plasmidi ikiingia utumboni kwa mtu asiyetumia dawa, mwenye nayo ni mmoja kati ya mamilioni, na mara nyingi kuibeba ni gharama kwake, anazaliana polepole kuliko wenzake. Wengi wa hao hupotea. Mtu akimeza ampisilini wiki hiyo, walio nyeti wanafyekwa na yule mgeni anabaki na nafasi yote. Maji machafu yanaleta mbegu, sawa, lakini dawa ndiyo inayopalilia.

Na palizi lenyewe linavyofanyika: amoksilini ya mtu mzima, miligramu 500 mara tatu kwa siku tano, ni vidonge 30 vya miligramu 250. Mteja wa kawaida ananunua 10. Anameza viwili asubuhi na jioni mpaka kikohozi kipungue. Kikohozi chenyewe mara nyingi ni cha virusi, kingepungua hata kwa maji ya moto. Vinavyobaki vinafunguliwa, unga unamwagwa kwenye kidonda cha mguu. Kuhara kidogo, Flagyl nne. Mafua ya mtoto, sirapu ya Septrin.

Duka la Dawa Muhimu lilianzishwa Ruvuma mwaka 2003 ili kuondoa hayo: mhudumu aliyefundishwa, orodha ya dawa zinazoruhusiwa, rejesta. Mfumo ni mzuri. Unavunjika pale mteja anapokuja na shilingi 1,000 na mgonjwa yuko nyumbani.

#4 Tabibu_Zahanati
Mnagombana kuhusu nani kauza dawa. Mimi nauliza nani kasema ugonjwa ni bakteria.

Chanzo kikubwa cha antibayotiki zisizohitajika ni vipimo viwili. Cha kwanza ni Widal, kipimo cha damu cha taifodi. Kipimo kimoja cha 1:80 au 1:160 kwenye eneo ambalo watu wamekwishakutana na Salmonella mara nyingi hakisemi lolote la maana. Hata malaria yaweza kukipandisha. Ili kiwe na uzito, damu ichukuliwe mara mbili, siku 10 hadi 14 kati yake, na kiwango kipande mara nne. Nani anasubiri wiki mbili? Mtu anatoka na "taifodi" na sipro ya siku kumi.

Cha pili ni mkojo. Seli za usaha zikionekana kwenye darubini, tayari "UTI". Mama hakuelekezwa kujisafisha na kukinga mkojo wa katikati, kwa hiyo seli zimetoka ukeni. Anapewa sipro, haponi kwa sababu tatizo ni fangasi, anarudi anaambiwa ana "UTI sugu", anapandishwa sindano za seftriaksoni. Usugu hapo ulikuwa wa jina tu, ila baada ya dozi tatu unakuwa wa kweli.

#5 MbuziKagoma
"UTI sugu" imejenga nyumba za watu mjini, dokta, iache kama ilivyo.

#6 Binti_Maabara
#4 nakuunga mkono, ila usiishie kulaumu darubini. Kijiti cha mkojo chenye naitraiti na leukosaiti hasi vyote viwili kinatosha kuwatoa wagonjwa wengi kwenye orodha ya UTI, na zahanati nyingi wanacho. Tatizo ni kuwa hasi haimridhishi mgonjwa. Na mtu asiye na dalili, asiye mjamzito, akikutwa na bakteria kwenye mkojo hatibiwi. Hilo linasahaulika kila siku.

#7 Ngosha_wa_Kahama
Naona wote mnazunguka. Sababu kuu ni kutomaliza dozi. Watu wamalize dozi, usugu utaisha. Hata kampeni ya Holela-Holela Itakukosti inasema hivyohivyo.

#8 DawaBaridi
#7 hapo twende taratibu. Kumaliza dozi ni sheria ya chuma kwa kifua kikuu, kwa sababu usugu wa TB huzaliwa ndani ya mgonjwa huyohuyo, kwa mabadiliko ya vinasaba wakati wa matibabu, na ndiyo maana hupewa dawa nne pamoja miezi miwili ya mwanzo.

E. coli ni habari nyingine. Unatibu koo, lakini dawa inapita utumboni na kuchuja bakteria ambao hawakuhusika na ugonjwa. Kila siku ya ziada ni siku ya ziada ya kuchuja. Mwaka 2017 Martin Llewelyn na wenzake waliandika kwenye jarida la tiba la BMJ kwamba ujumbe wa "maliza dozi" kwa magonjwa ya kawaida hauna ushahidi wa kutosha kuwa unazuia usugu. Ndiyo maana nimonia ya mtoto isiyo kali sasa ni siku tano za amoksilini.

Mgonjwa asijikatishie mwenyewe, amalize alichoandikiwa. Ila anayeandika aache kuandika siku kumi kwa mazoea.

#9 Ngosha_wa_Kahama
Sasa kijijini utawaambia watu nini? "Malizeni, lakini si sana"? Ujumbe wenye kona mbili haufiki Ushetu. Mimi nabaki na wangu.

#10 Mganga_wa_Mifugo
Mmejaza ukurasa mzima na binadamu, ng'ombe hajaguswa.

OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki ya mifugo) mnadani inauzwa juu ya turubai, kwenye jua la saa nane. Ziko za asilimia 10 na za asilimia 20, chupa zinafanana, na hapo ndipo dozi zinapoharibika. Ya asilimia 20 ya muda mrefu ni miligramu 20 kwa kilo, yaani ml 1 kwa kilo 10, sindano moja. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 anahitaji ml 25, zigawanywe sehemu tatu za mwili, kila moja isizidi ml 10. Ya asilimia 10 nayo ni ml 1 kwa kilo 10, lakini hiyo inarudiwa kila siku, siku tatu hadi tano. Mfugaji ananunua ya 10 kwa kuwa ni rahisi, anachoma ml 10 mara moja, basi. Huyo ng'ombe wa kilo 250 kapata miligramu 4 kwa kilo. Haponi, na bakteria wake wamepata mazoezi.

Pili, anachotibiwa mara nyingi ni ndigana kali, ambayo ni protozoa wa kupe. OTC haiponyi ndigana kali iliyokwisha kuanza. Dawa yake ni buparvakuoni, nayo ni ghali. Inatumika OTC kwa sababu ipo.

Tatu, maziwa. Lebo nyingi za asilimia 20 zinataka kusubiri siku 7 kwa maziwa na 28 kwa nyama. Ng'ombe aliyechomwa asubuhi anakamuliwa jioni.

#11 Kisima_Kirefu
#10 umenipa nguvu. Maziwa mabichi ni njia ya usugu kuingia kwa watoto.

#12 Mganga_wa_Mifugo
Tenganisha. Mabaki ya dawa kwenye maziwa na bakteria sugu kwenye maziwa ni mambo mawili. Kuchemsha mpaka yafure kunaua bakteria, awe sugu au asiwe sugu. Moto hauulizi cheti. Lakini kuchemsha hakuondoi oksitetrasaiklini yote. Kwa hiyo anayechemsha kajikinga na bakteria, anakunywa mabaki. Anayegandisha kwenye kibuyu bila kuchemsha anapata vyote viwili, maana asidi ya mgando inawadhoofisha E. coli bila kuwamaliza wote.

Na kabla mtu hajasema "chanjo ndiyo jibu": chanjo ya ndigana kali ile ya Muguga ni vimelea hai vinavyochomwa pamoja na OTC ya muda mrefu, asilimia 30 kwa kawaida, ili ugonjwa usimshinde mnyama. Bila OTC chanjo inaua. Dozi moja kamili iliyopimwa, halafu mnyama ana kinga ya miaka. Bora hiyo kuliko ml 10 za kubahatisha kila mwezi.

#13 Kuku_na_Mayai
Nilijua mtafika kwetu. Semeni, ila mjue hesabu. Tetea 100 wanakunywa lita 20 hadi 25 kwa siku ya kawaida. Kuku wakianza kukoroma usiku, mfugaji ana saa chache: kijiko cha OTC ya unga yenye vitamini kwenye maji, au apoteze banda. Maabara iko wilayani, mzoga ukifika umeoza.

#14 Mganga_wa_Mifugo
Hesabu yako ni sahihi kwa siku ya baridi. Jua la Dodoma likiwaka kuku hunywa mara mbili, dozi inakuwa mara mbili. Kuku mgonjwa naye hanywi, kwa hiyo anayehitaji dawa ndiye anayeikosa, wazima wanameza.

Jingine ambalo wauzaji hawasemi: oksitetrasaiklini inashikana na kalsiamu. Chakula cha tetea kina kalsiamu karibu asilimia 4, na maji ya visima vya Dodoma na Singida ni magumu. Dawa ikishikwa hivyo haipiti kwenda kwenye damu, inateremka na kinyesi. Umelipia dawa ya kifua, umetibu mbolea.

Na kuku wanaokoroma, wanaharisha kijani, wanapinda shingo, huo ni mdondo. Ni virusi. OTC hata ndoo nzima haifanyi kitu. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu au minne, kichupa kikishafunguliwa kiishe siku ileile. Kosa la kawaida ni kuchanja baada ya jirani kupoteza kuku.

#15 Mama_Chanja
Naongezea kwa wanaochanja kwa maji: maji ya bomba yenye klorini yanaua chanjo. Weka maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, gramu 2.5 kwa lita, subiri dakika 20 hadi 30 ndipo umimine chanjo. Kuku wanyimwe maji saa moja au mbili kabla, wanywe yote ndani ya saa mbili.

#16 Kuku_na_Mayai
Ahsante dada. Na mbolea? Wenye bustani wanaifuata bandani na magunia, wanaimwaga mbichi kwenye chainizi.

#17 Kisima_Kirefu
Rundo lisipungue mita moja kila upande, vinginevyo halishiki joto. Kinyesi cha tetea kina naitrojeni nyingi, kichanganye na pumba za mpunga au randa. Unyevu: kamata konzi, ukikamua yatoke matone mawili matatu. Joto lifike nyuzi 55, geuza mara tano ndani ya siku 15 ili kila sehemu ipite katikati. Asiye na kipimajoto achomeke nondo katikati dakika kumi; akiishika na mkono ukavumilia, rundo halijafika.

E. coli wanakufa kwa joto hilo. Vinasaba vyenyewe havitoweki vyote, DNA ya bakteria waliokufa inaweza kuchukuliwa na walio hai. Lakini ni afadhali mara nyingi kuliko mbichi.

#18 KalamuNyekundu
Nimesoma yote. Mmelaumu muuzaji, tabibu, mfugaji. Hakuna aliyetaja dawa zinazogawiwa kwa mpango, na kijijini hizo ni nyingi.

Septrin ya kinga kwa wenye VVU: miligramu 960 kila siku kwa muda mrefu, na WHO iliweka mwongozo wake mwaka 2006. Imeokoa watu, hakuna ubishi. Lakini usugu wa Septrin kwa E. coli umekuwa wa kawaida mno, na nashangaa mtu akimsingizia sirapu ya dukani peke yake. Halafu azithromisini ya trakoma, kijiji kizima kwa siku moja. Halafu jaribio la MORDOR la Niger, Malawi na Kilosa hapa kwetu: watoto wa chini ya miaka mitano walipewa azithromisini mara mbili kwa mwaka bila kuwa wagonjwa. Matokeo ya 2018: vifo vilishuka asilimia 13.5 kwa jumla, Niger 18.1, Tanzania 3.4. Na Niger vinasaba vya usugu wa kundi hilo la dawa viliongezeka kwa watoto waliopewa.

Sasa #3, huyo aliyepalilia hapo ni duka gani?

#19 DawaBaridi
Hakuna duka. Lakini ule ulikuwa mpango wenye daftari, dozi kwa urefu au uzito, na watu waliopima faida na hasara. Usiulinganishe na vidonge sita kwenye karatasi.

#20 KalamuNyekundu
Bakteria hasomi daftari.

#21 Tabibu_Zahanati
#18 ongeza na hospitali kubwa. Mama kajifungua kwa upasuaji, kalazwa wiki, kapigwa seftriaksoni na Flagyl, anarudi kijijini na mtoto mchanga, wote wawili wamebeba Klebsiella wa wodini. Utafiti wa BMJ wa 2010 ulionyesha mtu aliyetumia antibayotiki anaweza kuendelea kubeba bakteria sugu hadi miezi 12. Mwaka mzima anatumia choo kimoja na familia. Mnaodhani usugu unatoka kijijini kwenda mjini, huenda mmeushika mkia.

#22 Ngosha_wa_Kahama
Na dawa feki je? WHO mwaka 2017 walikadiria bidhaa za tiba 1 kati ya 10 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati ni bandia au chini ya kiwango. Huenda mnaita usugu kitu ambacho ni chaki.

#23 DawaBaridi
Hoja nzuri, na zilizo chini ya kiwango si lazima zitoke kiwandani hivyo. Bati la duka saa saba mchana linaiva. Amoksilini yenye klavulaneti ni adui wa unyevu. Ukishafungua kifuko na kuvimwaga vidonge kwenye kopo la plastiki, klavulaneti inaanza kuharibika. Sirapu ya unga: ikishachanganywa, amoksilini ni siku 14 na ya klavulaneti siku 7, tena hiyo ya pili ni lazima jokofu. Wapi jokofu? Mama anaambiwa ajaze maji mpaka alama. Anajaza kwa makadirio, hatikisi, dozi za kwanza ni maji na za mwisho ni tope.

Kwa watoto bora vidonge vya kuyeyuka vya miligramu 250. Nimonia, miezi 2 hadi 11: kimoja mara mbili kwa siku, siku tano. Mwaka 1 hadi chini ya 3: viwili mara mbili. Miaka 3 hadi 5: vitatu mara mbili. Na kabla ya hapo hesabu pumzi dakika nzima: 50 au zaidi kwa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa mwaka na kuendelea. Hazijafika na kifua hakibonyei, hakuna antibayotiki.

#24 Mti_Dawa
Mnahangaika bure. Kitunguu saumu na mwarobaini vinaua bakteria wote, hawajawahi kupata usugu.

#25 Binti_Maabara
Kwenye sahani ya maabara hata siki inaua. Swali ni kiasi gani kinafika kwenye figo bila kukudhuru. Hilo fungulia uzi wake, hapa tuendelee.

Na mimi nina neno kwa wote. Mnajuaje usugu upo kiasi mnachosema? Takwimu nyingi zinatoka hospitali za rufaa, na anayefika rufaa ameshameza dawa mbili tatu njiani. Ukiwapima hao unapata picha nyeusi kuliko kijiji chenyewe. Ukitaka picha ya kijiji, pima watu wanaokuja na dalili zahanati siku ya kwanza kabla ya dawa, au kinyesi cha watu wazima wasiougua.

Na kipimo chenyewe, cha kuotesha bakteria kwenye sahani na kupima duara ambalo diski ya dawa imewazuia kuota, kina masharti. Agari ya Mueller-Hinton unene wa mm 4; ikiwa nyembamba, duara linakua kubwa na bakteria sugu anaonekana nyeti. Uzito wa bakteria ulingane na kipimo cha 0.5 McFarland, karibu milioni 150 kwa ml. Ukizidisha, nyeti anaonekana sugu. Saa 16 hadi 18 kwenye nyuzi 35, halafu rula. Kwa E. coli na diski ya sipro ya mikrogramu 5: mm 26 na kuendelea ni nyeti, 21 na kushuka ni sugu. Diski zilizokaa nje ya friji wiki nzima zinatengeneza "usugu" wa uongo kila siku.

#26 Kisima_Kirefu
#25 kwa hiyo hata madai yangu na ya #3 hayajapimwa inavyopaswa?

#27 Binti_Maabara
Yamepimwa kwa vipande. Hakuna kipande kilichofunga mjadala.

#28 Mama_Chanja
Wakati mnasubiri vipande, maji. Kidonge cha klorini kimoja lita 20, nusu saa, kinaua bakteria sugu na asiye sugu. Maji ya lambo yachujwe kwanza kwa kitambaa, yakibaki ya tope weka viwili. Mtoto akiharisha bila damu: ORS, na zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, chini ya miezi sita miligramu 10. Flagyl ya nini?

#29 MbuziKagoma
Ya kumfurahisha bibi yake.

#30 Tabibu_Zahanati
Binti_Maabara, swali la kazi. Zahanati iko kilomita 60 na barabara ni vumbi. Nikitaka kupandikiza mkojo wa mama mjamzito (kuotesha bakteria wake maabara), utafika ukiwa mzima?

#31 Binti_Maabara
Kwenye joto la kawaida una saa mbili tu. Zaidi ya hapo bakteria wa uchafu wanazaliana, kila sampuli inavuka 100,000 kwa ml na kila mama anaonekana mgonjwa. Njia mbili. Kasha la chanjo lenye barafu, nyuzi 2 hadi 8, sampuli inavumilia saa 24. Au kichupa chenye asidi ya boriki, hicho hakihitaji barafu kwa siku hiyo, ila jaza mpaka mstari. Mkojo ukiwa kidogo asidi inakuwa kali na inaua hao unaowatafuta, jibu linarudi "hakuna ukuaji".

Andika saa ya kukinga kwenye kichupa, si kwenye fomu pekee, maana fomu na kichupa huwa vinaachana kwenye basi. Na andika kama ameshameza dawa yoyote.

#32 Tabibu_Zahanati
Vichupa vya boriki vinapatikana MSD (Bohari ya Dawa) au ni vya kuagiza hospitali ya mkoa?

#33 Binti_Maabara
Anza na maabara ya hospitali ya mkoa, waulize pia siku zao za kupandikiza. Ukituma Ijumaa jioni kitalala mezani mpaka Jumatatu.

#34 Kuku_na_Mayai
Na mzoga wa kuku je, nao unakaa saa 24 kwenye barafu?

#35 Mganga_wa_Mifugo
Unakaa, usiugandishe. Lakini lete na kuku wawili walio hai wanaoumwa ambao hawajapewa OTC. Mzoga uliokunywa dawa siku tatu maabara haitaotesha kitu.

#36 Kuku_na_Mayai
Ambao hawajapewa OTC nitawatoa banda la nani?